Ngozi Nzuri Haiponyi Saizi Mbaya

Mtu akitaka ushauri wa kununua buti za ngozi, maswali yake huanzia kwenye ngozi: ni ya ng'ombe au ya ndama, soli imeshonwa au imegundishwa? Mguu, ambao ndio utakaoshinda humo kutwa, hutajwa mwisho kabisa, tena kwa namba moja: "Mimi navaa 42." Hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Kiatu cha kawaida kinachokutosha utakivaa mpaka kichakae. Kilicho bora lakini kinakubana, utakigawa.

Namba yenyewe haina mengi ya kukwambia. Kwa vipimo vya Ulaya, kila namba ni theluthi mbili za sentimita, yaani ukipanda namba 3 umeongeza sentimita 2. Waingereza na Wamarekani huhesabu kwa theluthi ya inchi, karibu milimita 8 na nusu, nao hawaanzii mahali pamoja. Kwa hiyo jedwali la kubadilisha saizi ni makadirio tu, hata lichapwe kwa wino mzuri namna gani. Juu ya hayo, kila kiwanda kina kalibu zake, lile umbo la mguu ambalo kiatu hujengwa juu yake. Kalibu moja ni nyembamba mbele, nyingine pana, na kwenye boksi zote zimeandikwa 42.

Katika miaka ya 1920, huko Syracuse, Marekani, Charles Brannock alibuni kile kipimio cha chuma ambacho bado kinaonekana kwenye maduka mengi ya viatu. Ninachokipendea ni kwamba hupima mambo matatu: urefu wa mguu wote, upana, na umbali kutoka kisiginoni hadi kwenye fundo la kidole gumba, pale mguu unapokunjika. Hiki cha mwisho ndicho watu hukipuuza, nami nakiona kikubwa kuliko vyote. Watu wawili wanaweza kuwa na miguu ya urefu mmoja, huyu ana vidole virefu, yule vifupi. Kiatu nacho kina mahali pake pa kukunjika. Pasipokutana na pako, kitakukata juu ya vidole na kukuchosha unyayo. Fundo likikupa namba kubwa kuliko urefu, fuata fundo.

Huna kipimio? Subiri jioni, maana miguu huvimba kidogo mchana. Vaa soksi utakazovalia viatu hivyo, simama juu ya karatasi ukiwa umeuelemea mguu, kisha uchore. Pima yote miwili. Mkubwa ndio unaoamua.

"Usijali, kitatanuka." Kauli hii ya wauzaji ni nusu kweli, na nusu hiyo ndiyo inayoponza watu. Ngozi huachia kwenye upana, tena kidogo. Urefu haubadiliki, kwa sababu ncha na kisigino vina vipande vigumu ndani vilivyowekwa makusudi vilinde umbo. Kidole kinachogusa mbele siku ya kwanza kitagusa mpaka siku unakitupa. Kisigino kuinuka kidogo kwenye buti mpya zenye soli ngumu ni jambo la kuvumilika. Soli ikishajifunza kukunjika, kuinuka huko hupungua. Tazama pia pande mbili za matundu ya kamba. Zikiwa zimeshagusana kiatu kikiwa kipya, baadaye ngozi ikilegea hutakuwa na pa kukazia.

Kuhusu ujenzi, mimi niko upande wa buti zenye ukanda wa ngozi uliozungushwa kando ya kiatu, ule mshono unaobeba jina la Goodyear. Mshono wa kwanza huunganisha ukanda na sehemu ya juu, wa pili huunganisha ukanda na soli, hivyo soli hubadilishwa bila kuigusa ngozi ya juu. Mshono wa Blake hupita moja kwa moja kutoka ndani hadi soli. Hutoa kiatu chepesi na laini, kizuri kwa ofisini, ila kwenye maji sikiamini. Na maneno "ngozi halisi" yakigongwa mhuri chini ya kiatu, usiyape uzito. Hata tabaka la chini la ngozi lililopakwa plastiki juu laweza kuitwa hivyo. Kunja kidogo ubavuni uangalie: ngozi yenye uso wake wa asili hutoa mikunjo midogo isiyolingana, ile ya kupakwa hukunjika kama karatasi.

Kwenye matunzo nasimama kinyume na wapenzi wengi wa viatu: tunavipaka mno. Mafuta yakizidi hulegeza nyuzi za ngozi, kiatu kikapoteza umbo, na dawa ya kung'arisha ikagoma kushika. Brashi baada ya kuvaa, kitambaa chenye unyevu kama kuna tope, krimu kidogo ngozi inapoanza kupauka. Basi. Buti za suede, ile ngozi yenye uso wa vinyweleo laini kama mahameli, ni brashi tu, krimu usizipelekee.

Kinachohitajika zaidi ni mapumziko. Mguu hutoa jasho jingi, na ngozi hulinywa. Kipe kiatu siku nzima kikauke, ukiwa umekitia ndani umbo la mguu la mbao isiyopakwa vanishi, ikiwezekana la mwerezi, livute unyevu na kunyoosha mikunjo. Kikilowa, kijaze karatasi, uzibadilishe zikilowana, ukiweke kivulini penye hewa. Moto hapana kabisa. Nyuzi za ngozi ni protini; zikipata joto zikiwa mbichi hujikunja na kukakamaa, na hakuna mafuta ya kuzirudisha.

Na soli ikianza kuwa nyembamba katikati, mpelekee fundi wakati huohuo. Ukisubiri itoboke, utakuwa unatembelea ukanda wenyewe, na ukanda ukishalika kazi huwa kubwa maradufu. Mafundi wengi wataitazama, wakurudishie.