Kumwondoa ombaomba hakumpunguzi kibaka

Malalamiko ya wenye maduka na wakazi wa Kisutu, Mchafukoge na Kariakoo, jijini Dar es Salaam, huja kwa pumzi moja: ombaomba wamezidi, vibaka wamezidi. Amri za wakubwa nazo hupenda kuwafunga hao wawili kamba moja, na anayeng'olewa kwanza huwa ombaomba, kwa sababu ndiye anayeonekana. Amekaa. Kibaka hakai. Yusuf Makamba alipokuwa mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam aliwarudisha ombaomba Dodoma. Aprili 2016 Paul Makonda, akiwa kwenye kiti hichohicho, naye akawapa siku za kuondoka jijini. Pita leo Mtaa wa Kisutu Ijumaa mchana uone matokeo: bado wapo.

Tuanze na wizi wenyewe unavyofanyika, maana wengi wanaoujadili hawajawahi kuutazama. Simama karibu na mlango wa basi la mwendokasi kwenye kituo cha Gerezani au Msimbazi, saa kumi na moja jioni. Kazi ni ya watu watatu. Wa kwanza anapanda halafu anasita mlangoni kama aliyekosea basi, foleni inabanana. Wa pili yuko nyuma yako, mkono umefunikwa na koti au bahasha ya kaki, na vidole viwili tu ndivyo vinavyoingia mfukoni. Wa tatu hapandi kabisa: anapokea na kuyeyuka kwenye umati. Ukishtuka ukamdaka wa pili, hana kitu, na ataapa kwa kila kitabu.

Barabarani mtindo ni mwingine. Pikipiki ya watu wawili, namba imepakwa tope, inatokea nyuma ya mtu anayetembea simu ikiwa sikioni. Kwetu magari hupita kushoto, kwa hiyo anayetembea ukingo wa kushoto ameyapa kisogo, na simu iliyo mkono wa kulia iko upande wa lami. Akivuka akatembea ukingo wa kulia anayaona yakija, na mkono wa kulia unakuwa upande wa ukuta. Mkoba nao uning'inie upande huohuo wa ukuta, na mkanda usizungushwe kifundoni, kwa sababu anayevutwa na pikipiki huku amefungwa na mkoba wake huburutwa.

Katika kazi zote mbili hizo hakuna nafasi ya mzee kipofu anayeongozwa na mjukuu, wala ya mama aliyekaa juu ya boksi mbele ya duka la vitambaa. Wizi wa namna hii unataka miguu, wenza na mnunuzi. Ombaomba mtaji wake ni sura yake kuzoeleka pale alipo, na siku wateja wa duka wakianza kuibiwa mbele yake riziki yake inakauka kabla ya ya mwenye duka.

Upo mchezo mmoja unaowachanganya hawa wawili, na haufai kufichwa. Kwenye foleni ya taa mmoja anagonga kioo cha dereva akiomba, mwenzake anafungua mlango wa nyuma na kuondoka na pochi. Dawa yake ni kufunga milango kabla ya kufika kwenye taa. Lakini huyo ni kibaka aliyevaa uombaji kama sare, na ukiwaondoa ombaomba wote kesho atakuja anauza karanga.

Jambo ambalo wapangaji wa operesheni hawalipigii hesabu ni safari ya kurudi. Si kila anayeomba Dar anatoka Dodoma. Wapo waliozaliwa Temeke, na wapo wenye ulemavu kutoka kila mkoa. Ila wale wanaopakiwa kwenye magari ya operesheni husafirishwa Dodoma, basi tuwafuate. Tangu katikati ya 2024 treni ya SGR, ile ya reli mpya ya umeme, inafika Dodoma kwa chini ya saa nne, na nauli ya daraja la kawaida ilipangwa shilingi 31,000. Gawanya kwa sarafu ya 500 anayopewa na mpita njia: watu 62. Gawanya kwa sarafu ya 200: watu 155. Ndiyo gharama yote ya kuifuta operesheni kwa abiria mmoja, na hapo tumechukua treni. Kuna mabasi, na kuna malori ya mizigo ambayo dereva wake hakatai kumbeba mama mwenye mtoto. Sasa andika upande wa pili: gari, mafuta ya kilomita zipatazo 450 kwenda tu, dereva, mgambo wawili, posho za kulala nje, afisa ustawi wa jamii wa kuwapokea. Safari ambayo halmashauri inailipia kwa hati ya malipo, abiria anaifuta kwa sarafu.

Na kwa nini asirudi? Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka. Mtama na uwele vikinyauka Februari, ghala ni tupu hata kabla kiangazi hakijakolea, na mvua nyingine ni ya mwisho wa mwaka. Ukimrudisha mtu Julai umemrudisha katikati ya ukame. Mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, huzitambua kaya kijijini, kupitia mkutano wa kijiji. Aliyekuwa amelala kwenye baraza la duka Kisutu siku majina yanasomwa, jina lake halikusomwa. Kumteremsha stendi ya Dodoma hakumwingizi kwenye daftari. Kama operesheni ingeanza na barua moja kwa mtendaji wa kijiji anakotoka, ikiuliza kama kaya yake imeandikishwa na kama sivyo itaandikishwa lini, ingekuwa na maana kidogo. Gari lingekuwa hatua ya mwisho.

Kisheria anayekamatwa kwa kuomba husukumiwa kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinachohusu wazembe na wazururaji. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha hapa hapa kwetu, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji za aina hii haziendani na Mkataba wa Afrika wa haki hizo. Ni maoni ya ushauri, hayamfungi mtu mikono kama hukumu. Hata hivyo hoja iliyo ndani yake ni ya kazi tu: sheria hizo zinamkamata mtu kwa jinsi alivyo, bila kosa alilotenda. Askari waliotumia asubuhi nzima kujaza wazururaji kwenye karandinga ni walewale ambao jioni hawapo mlangoni mwa mwendokasi.

Mwenye duka naye ana haki ya kusikilizwa. Analipa kodi ya pango, leseni na ushuru wa taka, halafu asubuhi anafagia kinyesi mlangoni. Wateja wake, hasa wanawake wanaotembea peke yao, wanakwepa mtaa ambao mtu anawavuta nguo. Watoto wanaotumwa kuomba kati ya magari hawamo katika utetezi wowote ulioandikwa hapa juu: mtoto kwenye taa za barabarani yuko hatarini kila taa inapogeuka kijani, na mtu mzima anayekaa kivulini akipokea anachokusanya mtoto ni wa kushtakiwa. Hapo nguvu itumike, na ianze na huyo wa kivulini.

Ila kwenye wizi, nguvu iende kwa mnunuzi. Simu iliyochomolewa Msimbazi huzimwa mara moja, laini inatolewa, na kabla ya usiku iko mezani kwa mtu anayejua kuifanyia flashi, yaani kufuta kila kitu na kuiweka upya, au kuifungua kioo, betri na kamera viuzwe kimoja kimoja. Bila meza hiyo kibaka amebeba tofali. Kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 311 cha Kanuni hiyohiyo, na kuchezea namba ya IMEI, ile inayoitambulisha kila simu, ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Zana zipo tangu Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia kwa kutumia rejesta ya IMEI. Kinachokosekana mara nyingi ni taarifa kamili kutoka kwa aliyeibiwa.

Kwa hiyo fanya haya kabla hujaibiwa. Bonyeza *#06# uandike tarakimu 15 zinazotokea, uziweke nyumbani au kwa mtu unayemwamini, maana kuzihifadhi ndani ya simu hiyohiyo ni kazi bure. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili, na hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaripoti moja, inafungwa moja, na tundu la pili linaendelea kupiga kama kawaida. Weka PIN kwenye laini yenyewe, mbali na nywila ya kioo, kwa kuwa mwizi huhamishia laini kwenye simu nyingine na kupokea ujumbe wa uthibitisho wa akaunti zako. Ukiibiwa, azima simu ya mtu wa mtandao wako, piga 100, fungisha laini na akaunti ya pesa kwanza. Kisha kituo cha polisi upate RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, yenye IMEI zote mbili, halafu uende nayo dukani kwa kampuni ya simu uombe kifaa kifungwe. RB iliyoandikwa "simu moja aina ya smatifoni nyeusi" haimsaidii mtu.

Jambo la mwisho ni njia za miguu, na hapo sadaka nayo inaingia. Oktoba 2021 machinga waliondolewa barabarani, na mengi ya uamuzi ule yana mantiki. Mtembea kwa miguu alikuwa anapita katikati ya magari. Pamoja na meza zao yaliondoka pia macho yaliyokuwa yanawajua vibaka kwa sura na kwa jina la utani. Foleni za sadaka za Ijumaa za Kisutu zinaziba njia zilezile, na msongamano wowote ni shamba la mchomoaji. Kampala walijaribu kumbana mtoaji: sheria ndogo ya 2019 iliweka faini ya hadi shilingi 40,000 za Uganda au kifungo cha hadi miezi sita kwa anayempa mtoto wa mtaani pesa au chakula. Kwa hapa, ambapo kutoa siku ya Ijumaa ni ibada kwa Mwislamu na desturi ya miaka mingi kwa mfanyabiashara wa Kihindi, sheria kama hiyo haitatekelezwa hata wiki moja. Kamati za misikiti na za mahekalu zinaweza kuigeuza foleni iingie uani, baada ya swala, kwa saa moja inayojulikana, na afisa ustawi wa jamii wa kata akae hapo na daftari lake. Walioko kwenye foleni ndio haohao anaowatafuta, na siku hiyo wamekuja wenyewe.