Mtoto aliyebaki kwa bibi Lamu si lazima awe katupwa

Ukisema tu mtoto amebaki kwa bibi yake Lamu na mamake kaolewa Malindi, watu washamaliza hukumu, mtoto katupwa, mama gani huyo anafuata mume anaacha damu yake. Wanaosema hivyo wengi hawana ubaya, wanamhurumia mtoto, lakini naona wanaangalia nani analala nyumba gani na wanasahau kuwa mtoto wa miaka tisa ana maisha yake nje ya mlango.

Chukua mtoto wa Langoni, mtaa wa Lamu. Akitoka skuli anaenda chuo cha Kurani, akitoka chuo yuko gatini na wenzake wanaruka majini mpaka karibu magharibi, barazani wamekaa wazee wanaomjua kwa jina la babu yake, akifanya makosa anakemewa hapo hapo na habari inafika nyumbani kabla yake. Kwa bibi kuna mama mkubwa ghorofani, ami nyumba ya pili, na binamu wa kila umri. Wazazi wameachana, sawa, hilo ni pigo kubwa, lakini vitu vyengine vyote bado viko pale pale, na kwa mtoto aliyevunjikiwa na nyumba huo ndio ukuta aliobaki nao wa kuegemea.

Sasa mhamishe. Anashuka Malindi katikati ya tem, nyumba ya mwanamume ambaye hajamzoea, kuna watoto wa yule baba wana vitanda vyao na mambo yao, skuli mpya, timu za mpira zishapangwa, akisema "ndoo hapa", yaani njoo kwa Kiamu, darasa zima linacheka. Kapata mama, ni kweli, lakini siku ile ile kapoteza bibi, chuo, mwalimu aliyemfundisha alifu, na wenzake wote. Hii ya wenzake sisi wakubwa hata hatuihesabu, tunasema atapata wengine, watoto wanazoea haraka. Wengine wanazoea kweli, wengine wananyamaza tu na sisi tunasema kazoea. Mwenzako uliyekua naye mtaa mmoja anajua babako aliondoka lini, alikuona ukilia, na hakuulizi tena. Kule ugenini itabidi aeleze kila kitu upya, babako yuko wapi, huyu ni nani yako, mbona jina lako si la huyu, na anatakiwa ajibu jambo ambalo hata wakubwa wenyewe hawajakaa naye wakamweleza vizuri. Mimi hapa ndipo ninapokwama kila nikisikia mtu anasema kwa urahisi tu, si amfuate mamake.

Na bibi si mtu wa kuokota njiani. Kwa fiqhi ya Shafi, sheria ya dini tunayofuata wengi huku pwani, mama ndiye wa kwanza kwenye hadhana, yaani haki ya kukaa na mtoto na kumlea, na akiolewa na mtu asiye wa ukoo wa mtoto haki inapita kwa mamake mama, yaani bibi huyu huyu. Halafu mtoto akifika umri wa kupambanua, miaka saba hivi, anaulizwa anataka kwa baba ama kwa mama. Swali hilo lina heshima yake, mtoto anasikizwa, lakini ni zito sana kwa mtoto manake wote wawili anawapenda, akimtaja mmoja anajua mwengine kaumia, na mara nyingi hakuna anayemuuliza anacheza na nani, anasoma chuo gani, nani anamfanya acheke.

Upande wa pili una hoja za kweli. Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 53 inampa mtoto haki ya kulelewa na baba na mama, wawe wameoana ama hawakuoana, na Sheria ya Watoto ya 2022 inataka maslahi ya mtoto yatangulie. Bibi anazeeka, kijana akifika miaka 13 akianza kutoka usiku bibi haezi kumfuata vichochoroni, na madawa yalivyoharibu vijana wetu sote tunajua. Kuna nyumba msichana anaambiwa anakaa na bibi kumbe yeye ndiye mpishi, mfuaji na muuguzi. Na kuna hili, mtoto anaona kwenye simu mamake kapakata mtoto mpya, na hakuna mwenzake wa gatini anayeweza kumwondolea uchungu huo. Kama bibi ni mgonjwa, ama nyumba haina mtu mzima mwengine mwenye nguvu, sibishani na mtu, aende kwa mamake.

Lakini mtoto ambaye mamake anampigia kila jioni, anakuja Idi, anakuja Maulidi, na likizo ya Aprili na Agosti anajua atapanda basi kwenda kwake, huyo hakutupwa. Na mbona lawama ni za mama peke yake? Baba yuko Mkomani, mwanawe Langoni, ni mwendo mfupi wa miguu, matunzo hayatoki na hapiti hata kumjulia hali, na wanaomsema mama wa Malindi wamekaa naye baraza moja wala hawamuulizi kitu.

Ikiwa lazima mtoto ahame basi ahamishwe Disemba, Januari aanze mwaka pamoja na wengine, asitolewe katikati ya tem. Na nauli ya kumrudisha Lamu kila likizo, basi mpaka Mokowe na boti ya kuvuka, ikubaliwe mbele ya kadhi pamoja na matunzo nani anailipa, iandikwe kabisa, manake isipoandikwa likizo ya kwanza atakuja, ya pili ataambiwa asubiri kidogo, na ya tatu wenzake watakuwa washaacha kumuulizia.