Sabuni nyingi, mwani kiduchu: fedha za kusaidia wakulima wa Zanzibar ziende wapi?

Kilo moja ya unga wa mwani inatosha vipande 750 vya sabuni. Mfadhili, benki au ofisi ya serikali inayotaka kuziinua biashara za kijamii zinazosindika mwani Unguja na Pemba ingeanza na hesabu hiyo, kwa sababu ndiyo inayoonyesha msaada utamfikia nani.

Tuipige kidogo kidogo. Kilo ya mafuta ya nazi inahitaji gramu 175 hivi za kostiki (kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni), maji gramu 370, na kijiko kimoja au viwili vya unga wa mwani, tuseme gramu 20. Ukimimina kwenye kalibu unapata kilo moja na nusu, yaani vipande 15 vya gramu 100, ambavyo vitakaa rafuni wiki nne hadi sita vikomae kabla ya kuuzwa. Kilo ya unga inatoa michanganyiko 50 ya namna hiyo.

Sasa twende shambani. Mkulima mwenye kamba 50 za mita kumi, akifunga mbegu kwa taitai (vikamba vyembamba) kila baada ya sentimita 25, ana mafungu 2,000. Mambo yakienda sawa, baada ya wiki sita kila fungu lina nusu kilo. Hiyo ni tani moja ya mwani mbichi, na ikikauka hubaki kilo 125 hivi. Kwa bei ya mfano ya shilingi 700, mkononi anapata 87,500 kwa mwezi mmoja na nusu wa kuinama majini. Mwani wake huo peke yake, ukigeuzwa sabuni, ni vipande zaidi ya 90,000. Maduka yote ya watalii kuanzia Paje hadi Bwejuu yangeelemewa na mavuno ya mwanamke mmoja.

Zao hili lilianza kulimwa kibiashara mwaka 1989 kwenye fukwe za mashariki ya Unguja, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Leo linawashughulisha watu zaidi ya 20,000, wengi wao wanawake, na karibu mavuno yote husafirishwa nje yakiwa makavu, yakatoe karaginani ya kugandisha vyakula na dawa za meno. Kwa muda mrefu kampuni za ununuzi zilitoa kamba na taitai, na mkulima akafungika kuiuzia kampuni iliyompa. Bei hupangwa mbali na pwani.

Kwa hiyo wanaotetea usindikaji wana hoja ya kweli. Tangu mwaka 2006, mpango wa kuwaunganisha wakulima na watafiti ulioongozwa na Dk. Flower Msuya umewafundisha wanawake kutengeneza unga, sabuni, mafuta ya kujipaka na vyakula vya mwani. Gramu 20 zilizokuwa na thamani ya shilingi 14 zinaingia kwenye bidhaa ya maelfu. Mwanamke aliyeajiriwa kwenye kituo cha usindikaji analipwa hata bamvua (siku za maji makuu, bahari inapokupwa mbali) lisipokuwa zuri, na anaepukana na maumivu ya mgongo, macho kuwasha kwa chumvi na kukanyaga viumbe wa baharini wenye miiba. Faida hizo hazibezeki, na aliyewahi kumwona bibi wa miaka sitini akibeba gunia la mwani mbichi kichwani hawezi kuzidharau.

Ila zinawafikia wachache. Kituo cha watu 30 kinaweza kufanya kazi mwaka mzima bila kumaliza mavuno ya mkulima mmoja. Na soko lake kubwa ni mtalii: mwaka 2020 ndege ziliposimama, sabuni za zawadi zilikosa mnunuzi. Vikundi vingi vidogo huangukia mambo yanayofahamika. Mzani wa jikoni usiosoma gramu moja moja husababisha kostiki kuzidi, sabuni ikaunguza ngozi. Mwani usiooshwa vizuri kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi) huacha chumvi na mchanga, sabuni ikachuruzika. Vibandiko na makasha huagizwa ng'ambo ya bahari kwa bei inayokaribia ya sabuni yenyewe. Alama ya ubora inahitaji vipimo vya maabara, kikundi hakina ada, basi sabuni inabaki kuuzwa kwenye maonesho ya Nanenane. Mradi unaotoa mafunzo ya siku tano na kalibu za mbao, kisha ukaondoka, unakuwa umelipia picha.

Usindikaji wa hatua ya kati, yaani kuuchemsha mwani ndani ya maji ya potasi kwa saa kadhaa na kuukata vipande vidogo, ndio unaokula tani nyingi. Lakini huo unataka maji baridi kwa wingi, nishati ya uhakika na mabwawa ya kusafishia maji machafu. Ni kazi ya kiwanda. Kikundi cha akina mama kisibebeshwe.

Kwa maoni yetu, sehemu kubwa ya fedha ielekezwe kwenye aina nyingine ya biashara ya kijamii: ushirika unaonunua, kukausha, kupanga madaraja ya ubora na kuuza kwa jumla. Huo unagusa kila kilo. Kazi yake ya kwanza ni chanja za kukaushia: nguzo za kufika kiunoni, wavu mzee wa kuvulia juu yake, na turubai pembeni kwa ajili ya mvua. Mwani ukianikwa mchangani unabeba uchafu, na ukinyeshewa unapoteza chumvi na kubadilika rangi. Chanja zimeshagawiwa vijiji vingi na baadhi zimeishia kuwa kuni. Sababu iko wazi: mnunuzi analipa bei moja kwa mwani safi na mchafu, na mchanga una uzito. Hakuna atakayejisumbua kupunguza uzito wake mwenyewe. Chanja bila bei ya madaraja ni mbao tu.

Ushirika nao una maradhi yake, na hapa wapinzani wa rai yetu wana haki ya kutuuliza. Mara nyingi hufa kwa kuchelewesha malipo. Mkulima ana karo ya mtoto kesho. Wakala anasimama ufukweni na fedha taslimu. Ushirika unasema subiri kontena lijae. Atamuuzia wakala, hata kwa bei ya chini, na atakuwa sahihi. Ndiyo maana msaada wenye maana ni mtaji wa mzunguko. Ushirika unaokusanya tani 20 kwa bei ile ya mfano unahitaji shilingi milioni 14 za kulipa papo hapo kabla ya kuona senti ya mnunuzi, pamoja na ghala lisilovuja na mzani uliokaguliwa. Wafadhili wengi hupenda kulipia jengo na mashine vinavyopigika picha, na huogopa fedha inayozunguka kwa sababu inaweza kuliwa. Hofu hiyo ni halali. Tiba yake ni mahesabu yanayosomwa mbele ya wanachama kila bamvua, na saini zaidi ya mbili benki.

Halafu kuna bahari yenyewe. Kotonii, mwani mnene wenye bei nzuri kuliko aina nyingine inayolimwa, spinosamu, umekuwa ukifa maeneo mengi ya Unguja tangu maji ya kina kifupi yalipozidi joto: matawi hugeuka meupe, yanalainika na kukatika. Kina kirefu kina maji ya baridi zaidi, ila kinataka kamba za kuelea, maboya, nanga zitakazostahimili upepo wa kusi, na boti. Wanawake wengi waliolima miaka 30 kwa kutembea maji yanapokupwa hawajui kuogelea. Kikundi kikipewa boti bila mafunzo ya kuogelea na jaketi za kuokolea, kufumba na kufumbua boti iko mikononi mwa wanaume, na shamba linafuata.

Vituo vya sabuni vilivyopo viendelee, hasa vinavyonunua mwani kwa bei ya juu na kuwapa wanawake hisa. Lakini kituo kinapoomba fedha mpya, karatasi ya kwanza kuombwa iwe daftari la manunuzi: mwaka jana kilinunua kilo ngapi, kutoka kwa wakulima wangapi, kwa bei gani, na walilipwa baada ya siku ngapi.