Suruali Yangu na Historia ya Kilwa Kisiwani

Ninazo picha nyingi za Kilwa Kisiwani, na karibu katika zote nimeegemea ukuta. Rafiki zangu wanaoziona husifu mapenzi yangu kwa majengo ya kale, nami huwaacha wasifu, kwa sababu kuwaeleza yaliyotokea kungenilazimu kuanza na fundi cherehani mmoja wa mtaani kwetu ambaye, kwa heshima ya watoto wake, sitamtaja jina.

Fundi huyo alinishonea suruali ya kijivu kwa ajili ya safari ya kumpeleka mama mkwe wangu Kilwa. Mama ni mzaliwa wa Kivinje, lakini hakuwahi kuvuka kwenda Kisiwani hata siku moja. Aliolewa Dar es Salaam angali msichana, na tangu hapo kila aliporudi kwao alirudi kwa msiba au kwa harusi, na shughuli za namna hiyo hazimpi mtu nafasi ya kutazama magofu. Mimi ni mtu wa bara, na niliona kwamba nikimpeleka nitajijengea jina ukweni. Suruali ilinibana nilipoijaribu. Fundi akaniambia nisiwe na wasiwasi, kwamba itaachia yenyewe, na kwa hilo siwezi kusema alinidanganya.

Tulichukua kibali Kilwa Masoko, tukapanda dau. Mkondo uliopo kati ya Masoko na Kisiwani si mpana, lakini ulikuwa msimu wa kusi, na upepo ulitusukuma kwa nguvu iliyonifanya nishike kamba ambayo, kama nilivyokuja kuelezwa, haikufungwa popote. Tulipofika chini ya Gereza, yaani ngome ya kale ya ufukweni, nahodha alilisogeza dau kwenye mwamba. Mama mkwe, ambaye amekwisha kupita miaka sabini, alikusanya baibui lake akashuka bila kushikwa mkono. Mke wangu akafuata. Mimi nikaweka mguu mmoja juu ya mwamba, na kabla sijauondoa wa pili kwenye ukingo wa dau, dau likarudi nyuma. Nilipigishwa msamba hadharani. Mshono wa nyuma uliachia kuanzia kiunoni kwenda chini, kwa mlio uleule unaousikia dukani muuzaji anapochana jora la kitambaa. Nahodha alitazama juu haraka akidhani limechanika tanga.

Hakuna aliyejua isipokuwa mimi na upepo. Hapo ndipo mapenzi yangu kwa kuta yalipoanza.

Mwongozaji wetu, kijana wa kisiwani mwenye sauti nzito kuliko umri wake, alianza na Gereza lenyewe. Alieleza kwamba Vasco da Gama alifika hapa mwaka 1502 akadai kodi ya dhahabu, kwamba Francisco de Almeida alikuja na kundi la merikebu mwezi wa Julai 1505, akauteka mji, akajenga ngome, na kwamba Wareno waliihama mwaka 1512, hata sehemu kubwa ya jengo tunaloliona leo ni kazi ya Waomani waliokuja karne nyingi baadaye. Nilimsikiliza nikiwa nimebandika mgongo kwenye mawe ya matumbawe, ambayo, kwa taarifa ya yeyote atakayehitaji kujua, ni makali. Wareno waliweza kukaa ndani ya kuta zile miaka saba. Mimi nilikuwa tayari kuwazidi, ila msafara ukasonga.

Kutoka Gereza hadi Msikiti Mkuu kuna njia ya miguu, na njia ya miguu haina ukuta. Mama mkwe alisimama pembeni kwa heshima akaniambia, "Tangulia, baba." Nikamjibu, "Haiwezekani, mama. Mkubwa hutangulia." Akaniambia tena nitangulie, nikakataa tena, nikainamisha kichwa tu, kwa kuwa kuinamisha kiwiliwili hakukuwezekana. Alimgeukia binti yake akasema kwa sauti ya kusikika, "Umepata mume mwenye adabu." Kwa muda wa miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kuisikia sentensi hiyo.

Msikiti Mkuu unastahili kutazamwa na mtu mwenye suruali nzima. Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe, ya tangu karne ya 11 na ya 12. Sehemu ya kusini iliongezwa karne ya 14 zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, wakati dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo, ilipokuwa ikipita Kilwa, na hapo ndipo yalipo makuba na matao, yote ya mawe ya matumbawe na chokaa. Unaposimama katikati na kutazama kila upande unaona nguzo zikikimbizana mbele yako hadi macho yanachoka. Nadhani ndivyo ilivyo, kwa maana mimi niliona upande mmoja. Katika kila tao nilipita kinyumenyume, na mwongozaji alipouliza kwa upole kama hiyo ni desturi ya kwetu bara, nilimjibu kwamba ndivyo tunavyoaga mahali patakatifu. Alitikisa kichwa kwa heshima. Alipofika kwenye tao lililofuata, naye alipita kinyumenyume.

Tulipumzika chini ya mbuyu, na mwongozaji akatusimulia jinsi kisiwa kilivyopatikana. Masimulizi ya zamani ya Kilwa husema kwamba Ali bin al-Hasan, aliyetoka Shirazi, alimkuta mwenyeji anayemiliki kisiwa, wakakubaliana bei, na bei yenyewe ilikuwa nguo: nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Ali akazitandaza nguo, akakizunguka, mwenyeji akazikusanya akahamia bara. Baadaye alijuta, akataka kurudi na jeshi wakati maji yamekupwa, kwa kuwa siku zile watu walivuka kwa miguu, lakini akakuta mkondo umechimbwa na bahari haipitiki tena. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekwisha kuonyesha kwamba watu walikuwa wakiishi hapa tangu karne ya 9, kabla ya huyo Mshirazi kutajwa popote, na kwamba Wakilwa walisokota pamba wenyewe, maana vimeokotwa vigae vya duara vilivyotobolewa katikati kwa kazi hiyo. Kwa hiyo masimulizi ni masimulizi. Hata hivyo nilikaa pale chini ya mbuyu, mgongo kwenye gome, nikiwaza nguo zote zile zilizotandazwa ufukweni, wakati mimi nilihitaji robo mita.

Mke wangu aliuliza kwa nini nimenyamaza. Nilimwambia nimeguswa na historia.

Husuni Kubwa iko mashariki ya mji, juu ya jabali linalotazama bahari, na mwendo wa kuifikia ulikuwa mrefu kwa mtu anayetembea mwisho na mikono nyuma. Mbuzi mmoja alinifuata kwa sehemu ya njia na sikumpenda alivyokuwa akitazama. Ikulu hii aliijenga huyohuyo al-Hasan bin Sulaiman, vyumba zaidi ya 100, na haikukamilika kamwe. Mwongozaji alisema kwamba sarafu ya sultani huyo iliokotwa Great Zimbabwe, na kwamba askari mmoja wa Australia, mwaka 1944, aliokota sarafu za Kilwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi yake. Sarafu ya shaba imesafiri mpaka Australia, na katika msafara wetu wote hapakuwa na mtu mwenye pini.

Kinachopendwa zaidi na wageni pale ni birika la kuogea, la pembe nane, lililochimbwa chini na kujengewa ngazi. Mwongozaji alituomba tushuke tupige picha. Mama mkwe alishuka, mke wangu alishuka, na mimi nikashuka wa mwisho, kwa ubavu, nikatulia chini nikiwa na ukuta nyuma yangu, nikajiona nimeshinda. Sikuwa nimefikiria kwamba aliyeshuka wa mwisho ndiye hutakiwa kupanda wa kwanza. Nilipanda. Ng'ambo ya birika walikuwa wameketi wanafunzi waliokuja kwa ziara ya masomo, wakiwa na madaftari yao, na ghafla hakuna aliyekuwa akiandika.

Lazima nieleze jambo moja ambalo nimelificha mpaka hapa. Familia ya mke wangu ni ya Simba, kuanzia mababu hadi vitukuu, na posa yangu ilipokelewa baada ya mimi kusema kwamba mpira siufuatilii sana. Kaptula yangu ya ndani siku ile ilikuwa ya njano, na mkanda wake wa kiunoni ni wa kijani.

Nilisikia kimya nyuma yangu, kisha sauti ya mama mkwe kutoka shimoni, bila hasira, yenye mshangao mtupu:

"Kumbe wewe ni Yanga!"

Wanafunzi waliangua kicheko ambacho naamini kilifika Masoko. Mama hakucheka. Alipanda ngazi, akafungua mkoba wake, akatoa kanga aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya upepo wa baharini, nyekundu kwa nyeupe, akanipa huku ametazama pembeni, kama adabu ya mtu na mkwe wake inavyotaka. "Jifunge, mwanangu." Nilijifunga kiunoni. Mimi ni mtu mnene, na maandishi ya kanga yalikaa nyuma yangu yakasomeka vizuri, hata watoto wakayasoma kwa pamoja bila kuambiwa na mwalimu: "Wembamba wa reli, garimoshi hupita."

Mwongozaji, kwa nia njema kabisa, aliona wakati umefika wa kutusimulia habari za Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 akamkuta sultani yuleyule, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Siku moja ya Ijumaa, sultani akitoka kuswali, fakiri mmoja wa Yemen alimsimamisha akamwomba nguo alizozivaa mwilini. Sultani akakubali. Fakiri akauliza kama ni sasa hivi, akajibiwa ni sasa hivi. Sultani akarudi, akaingia nyumba ya khatibu, akavua, akavaa nyingine, akamwita fakiri azichukue. "Mbele ya watu wote?" mke wangu aliuliza, akinitazama mimi. Mwongozaji akasema hapana, sultani alivulia ndani.

Tulirudi ufukweni na kukuta maji yamekupwa sana, na dau limetia nanga mbali, kwa hiyo ilibidi tuyafuate maji kwa miguu. Anayejua kanga anajua kwamba majini hupandishwa. Anayejua hali yangu anajua kwamba haikupandishika. Niliingia baharini nayo ikiwa imeshuka mpaka kwenye vifundo, nikafika kwenye dau nikiwa nimebeba nusu ya mkondo, na nahodha akanivuta ndani kwa mikono miwili huku akisoma maandishi kimoyomoyo.

Masoko mama mkwe alinijulisha kwamba kanga iliyozunguka kiuno cha mkwe haiwezi kurudi kichwani kwake, na kwamba kanga haziuzwi mojamoja. Tukaenda duka la nguo. Alipekua marundo mawili kwa utulivu, akachagua doti mpya, nyekundu tena, akaniachia bili. Mwenye duka alipokea fedha, akahesabu, akanitazama kiunoni palipokuwa pakidondosha maji ya chumvi kwenye sakafu yake, akauliza kama nami anifungie nyingine ya kubadilishia.