Kumtetea mnunuzi wa mpira wa bei ndogo

Mwezi wa sita, kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Mtwara mjini, nilisimama nyuma ya mama mmoja aliyetaka akatiwe mita kumi na tano za mpira wa kumwagilia. Alichagua ule wa kijani wa robo tatu ya inchi, laini, usio na nyuzi ndani. Muuzaji akamvutia roli jingine: nusu inchi, mzito, tabaka juu ya tabaka, wavu wa nyuzi ukionekana pale ulipokatwa. "Mama, chukua huu. Huu utamrithisha mjukuu." Mama akaubonyeza kwa kidole gumba, akauliza bei, akacheka. "Mjukuu nitamrithisha mikorosho, baba. Nikatie ule ule."

Alipoondoka, mzee mmoja kwenye foleni akatikisa kichwa: "Rahisi ghali." Wote tukaitikia, na mimi nikiwemo. Nimekuwa nikiyajutia maitikio yale tangu siku hiyo, maana nilivyozidi kulipigia hesabu jambo lenyewe ndivyo nilivyozidi kuona kwamba pale dukani aliyekuwa amefikiri ni mama peke yake.

Hoja ya mpira mzito haina haja ya kurefushwa, wauzaji wanaimaliza kwa sentensi mbili. Nyuzi za polyester zilizofumwa kati ya matabaka ya plastiki zinauzuia mpira usivimbe wala kupasuka maji yanapousukuma, na ukuta mnene haukunjiki hovyo. Mara nyingi roli limeandikwa presha linayoweza kuhimili, bar 8 au 10. Yote hayo ni kweli. Swali ambalo hakuna aliyeliuliza pale dukani ni hili: presha ipi?

Nyumba nyingi za mjini hapa, kuanzia Shangani mpaka Chuno na Magomeni, hazimwagilii moja kwa moja kutoka bomba la mtaa. Maji yanakuja kwa saa zake, yanajaza tangi la plastiki juu ya mnara wa zege au wa mbao, na bustani inakunywa kutoka kwenye tangi. Sasa maji hayana presha ya kichawi. Presha yake ni kimo chake. Mita kumi za kimo ni kama bar moja. Mnara wako una mita tatu, tangi lina mita moja ya maji, jumla mita nne. Hiyo ni bar 0.4. Si nne, ni nukta nne. Tena hapo ni pale maji yamesimama. Ukishafungua, ncha ikiwa wazi, presha inazidi kushuka kadiri maji yanavyosafiri ndani ya mpira. Unanunua kitu cha bar 10 kwenda kubeba bar 0.4. Ni nanga ya meli ya mizigo kwenye mtumbwi wa mtu mmoja.

Na kuna upande wa pili wa hesabu hiyo hiyo, ambao ndio ulionifanya nimvulie kofia yule mama. Presha ikiwa ndogo, kinachokutesa si mpasuko, ni uchache wa maji yanayotoka. Hapo upana wa tundu ndio kila kitu. Nusu inchi ni kama milimita 12.5 kwa ndani, robo tatu ni 19. Tofauti inaonekana ndogo ukiiangalia kwa macho, lakini kwa urefu ule ule na tangi lile lile, robo tatu hupitisha maji karibu mara tatu ya nusu inchi. Kwa tangi la mita nne nililolitaja na mpira wa mita thelathini, nusu inchi itakujazia ndoo ya lita ishirini kwa dakika mbili na nusu hadi tatu. Robo tatu itaijaza kabla dakika haijaisha. Mwenye matuta ishirini ya mchicha na matembele, anayetaka kumaliza kabla jua halijapanda, hiyo ndiyo tofauti kati ya saa moja na asubuhi nzima. Muuzaji alikuwa anamshawishi mama alipe zaidi ili apate maji theluthi moja. Kwa nia njema kabisa, sina shaka.

Basi mpira huku kwetu unauawa na nini? Jua. Mtwara tuko kama digrii kumi kusini mwa ikweta, na jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka: karibu na tarehe 20 Oktoba na mwishoni mwa Februari. La Februari linakuta mawingu na mvua, linapunguzwa makali. La Oktoba linakuta anga tupu, baada ya miezi mitano au sita ya kiangazi, na ndiyo miezi ambayo mpira unalala nje kila siku. Plastiki ya PVC kwa asili yake ni ngumu. Inalainishwa kiwandani kwa mafuta maalumu. Joto linayatoa mafuta hayo jasho, mionzi inaikata plastiki yenyewe, na baada ya muda mpira unageuka rangi, unakakamaa, unaanza kulia ukiukunja. Nyuzi hazisaidii chochote katika hilo. Zimefungwa ndani ya plastiki ile ile inayokufa.

Nasema hivyo kwa sababu wangu ulikuwa mzito. Nilinunua kwa fahari, nikauning'iniza kwenye msumari wa ukuta unaotazama magharibi, na mwaka wa pili gamba la nje likaanza kupasuka kama udongo wa bwawa lililokauka. Maji yakapenya kati ya matabaka, ukatokea uvimbe kama jipu karibu na katikati, mrefu kama kiganja. Nilijaribu kuukata na kuuunga. Hapo ndipo nilipojua kwamba mpira mzito ukishaharibika ni mkaidi: ukuta mnene haupandi kwenye kiungio, nyuzi zinachanua kama mkia wa kitenge kisichopindwa, na klipu ya chuma iliyoushika ilishaliwa na kutu, kwa sababu upepo wa bahari hauulizi klipu ni ya bei gani.

Mpira mwembamba unaungwa na mtoto. Unachovya ncha kwenye kikombe cha maji ya moto, unahesabu mpaka thelathini, inakuwa laini kama pua ya ng'ombe, unaisukumiza kwenye kipande cha bomba gumu la plastiki, unafunga kwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Ukipasuka shingoni karibu na koki, na hapo ndipo unapopasuka mara nyingi kwa sababu unakunjika hapo kila siku, unakata shibiri moja na kurudisha. Mita kumi na tano zinakuwa kumi na nne na zaidi ya nusu. Bustani haijui.

Halafu kuna jambo la pesa, ambalo wasemaji wa "rahisi ghali" hulipita haraka mno. Mikoa hii pesa haiji kwa mwezi, inakuja kwa msimu. Korosho zinaingia ghalani, minada inaanza kama Oktoba, malipo yanafuata. Mpira unahitajika Juni, mvua ikishakata, na Juni ndio mwezi wa mfuko kukauka kuliko shamba. Tuseme mpira mzito ni bei ya mwepesi mara tatu. Mshauri atakwambia ukidumu mara tatu mmelingana, ukidumu zaidi umepata faida. Sawa, lakini mama wa mchicha hana hizo tatu mwezi wa sita. Anayo moja, na kwa hiyo moja mchicha unaota, unauzwa, na chumvi inanunuliwa. Kumwambia asubiri Novemba anunue wa maana ni kumwambia aache msimu mzima upite. Nani hapo ndiye asiyejua hesabu?

Sasa niwe mkweli kwa upande wa pili, maana kuna nyumba ambazo muuzaji yule angekuwa sahihi asilimia mia. Kama una pampu ya umeme inayosukuma bustani, bar mbili au tatu si mchezo, na mpira usio na nyuzi ukipata joto la mchana utavimba kama puto. Kama umefunga mpira kwenye bomba la mtaa moja kwa moja, kumbuka usiku watu wakilala presha ya mtandao hupanda. Ukiacha koki wazi na umefunga mbele kwa ile bastola ya kunyunyizia, mpira mwembamba unaweza kukuamsha saa nane kwa mlio. Vivyo hivyo kwa anayeuburuta juu ya mawe ya matumbawe, kama viwanja vingi vya Mikindani. Pale unene wa ukuta ni ngozi, nawe unaihitaji. Na Newala au Tandahimba, ambako nyumba nyingi zinavuna mvua na kuihifadhi kwenye visima vya saruji ardhini, maji yako chini ya miguu na hayana kimo chochote. Ukiweka pampu kuyavuta, mpira laini upande wa kunyonya utajibana wenyewe kama mrija wa soda uliozibwa. Hapo unatakiwa ule wenye springi ndani, na hakuna ujanja wa kuukwepa.

Ipo hoja moja zaidi dhidi yangu, na hiyo inanikwaza kweli: takataka. Mpira wa bei ndogo unaotupwa kila mwaka unaishia kwenye shimo la nyuma ya nyumba, na shimo linachomwa moto. PVC ikiungua inatoa moshi wenye asidi na sumu zinazokaa mwilini. Sina jibu safi kwa hilo. Ninachoweza kusema ni kwamba mwembamba hautupwi kila mwaka kwa lazima. Unatupwa na anayeuacha juani. Jirani yangu ana mmoja anaoukunja kila asubuhi na kuutupia kwenye dari la banda la kuku, umemwaga maji yote, na huu ni mwaka wa nne.

Ukubali au ukatae hoja yangu, ukifika dukani usiangalie rangi ya kung'aa. Kunja kipande kiwe duara la upana wa sahani. Kikivunjika shingo upesi, kiache. Angalia ncha iliyokatwa: ukuta uwe na unene mmoja pande zote, kwa sababu mahali pembamba ndipo patakapotangulia. Wa kuona ndani uache kabisa, hata kama ni wa bei gani, maana mwanga ukiingia ukungu wa kijani unaota humo na kuziba matundu. Mweusi unastahimili mionzi kuliko rangi nyingine kwa sababu ya masizi yaliyochanganywa ndani, ingawa maji ya kwanza yatakutokea ya moto. Yaache yapite kabla ya kugusa miche. Na usijaze jagi la kunywa kwa mpira wowote wa bustani. Haukutengenezwa kwa ajili hiyo. Ile mipira inayojivuta na kurefuka yenyewe, inayotembezwa na vijana kwenye boksi lenye picha ya majani ya Ulaya, inahitaji presha ili irefuke. Kwenye tangi la mnara itabaki imejikunyata, inadondosha.

Mwenye pesa ya msimu mkononi ningemshauri aiweke pengine. Nunua bomba jeusi la polithini, lile la kuchimbia, ulifukie kutoka kwenye tangi mpaka katikati ya bustani, uweke koki pale. Chini ya udongo jua halilifikii, na hutalikumbuka kwa miaka mingi. Kilichobaki ni mpira wa mita nane au kumi. Mpira mfupi haukwami kwenye kona, na ni mwepesi: mita thelathini za robo tatu zikijaa zina lita nane na nusu za maji unazoziburuta, mita kumi hazifiki lita tatu. Mtu mwenye mgongo wa miaka hamsini anaelewa.

Mimi nimefanya hivyo mwezi uliopita. Koki iko karibu na mpapai, na mpira wangu sasa ni wa kijani, robo tatu, bila nyuzi. Ule mzito nimeukata vipande. Kimoja nimekipasua kwa urefu na kukivalisha shingoni mwa mpira mpya, pale unapotoka kwenye koki, usikunjike.