Medronho isitiwe kwenye pipa

Ukiingia kwenye maduka ya pombe ya Lisbon siku hizi utaona chupa za medronho zimeanza kubadilika rangi. Medronho tuliyoizoea haina rangi kabisa. Sasa zipo za kahawia, zilizolazwa kwenye mapipa ya mwaloni, na muuzaji anazisifia kuliko zile nyingine, bei nayo iko juu. Mimi sikubaliani na mtindo huu hata kidogo.

Kwa asiyeijua, medronho ni pombe kali ya matunda ya mti mdogo wa porini unaoota kwenye milima ya Algarve, kusini mwa Ureno, hasa Monchique na Caldeirão. Tunda ni jekundu, la mviringo, ngozi yake ina vipele vidogo vidogo. Linachukua karibu mwaka mzima kuiva, ndiyo maana mwezi wa Novemba utakuta mti mmoja umebeba maua meupe na matunda mabivu kwa pamoja. Tena hayaivi yote siku moja. Mchumaji anaurudia mti uleule mara kadhaa, kwa mkono, kwenye miteremko isiyofikika kwa mashine, na kilo 8 hadi 10 za matunda zinatoa lita moja tu.

Matunda yanaachwa yachache yenyewe kwa mwezi mmoja, miwili, au zaidi, bila sukari wala hamira. Yakishatulia ndipo moto wa kuni unawashwa chini ya mtambo wa shaba ili kuyakeneka, yaani kuyachemsha na kukusanya mvuke unaogeuka matone ya pombe, na hapo ndipo ufundi unapoonekana. Moto ukizidi, matunda yanashika chini na pombe yote inanuka kuungua. Matone ya kwanza, cabeça, yanawekwa kando kwa sababu ni makali na hayafai kunywewa. Ya mwisho, cauda, ni mazito na yana harufu mbaya, nayo yanatengwa. Mkenekaji anajua wapi pa kukata kwa kunusa, kuonja na kutazama mapovu kwenye glasi. Hakuna atakachoficha baadaye: alichokosea wakati wa kukeneka utakionja.

Ndiyo maana pipa linaniudhi. Medronho nzuri ina harufu ya tunda lililoiva sana, na nyuma yake majani ya porini na ukali kidogo wa pilipili. Iweke kwenye mwaloni miaka michache, utapata vanila na karameli, kama brandi nyingine yoyote. Kazi yote ile ya mlimani imefunikwa na mbao.

Sisemi pipa ni baya. Nenda Lourinhã, kaskazini mwa Lisbon karibu na bahari, eneo ambalo tangu 1992 lina mipaka yake ya kisheria kwa ajili ya brandi. Divai ya huko ni nyepesi, ina uchachu mwingi na kilevi kidogo. Wanaikeneka, kisha sheria inataka ilale angalau miaka miwili kwenye mwaloni au chesnati. Pale pipa ni sehemu ya kazi yenyewe, na brandi yao naipenda sana.

Medronho ni suala jingine, na ni suala la pesa pia. Mapipa ni ghali, ghala ni ghali, na kusubiri miaka kunamhitaji mtu mwenye mtaji. Mnywaji akishaaminishwa kwamba ya kahawia ndiyo bora, mzee mwenye mtambo mdogo kijijini atalazimika kuuza yake kwa bei ya kutupa kwa mwenye ghala. Na huyo mzee ndiye anayefyeka vichaka vinavyolisha moto mlimani. Agosti 2018 moto uliteketeza zaidi ya hekta 25,000 Monchique na kandokando yake. Mti wa medronho una uwezo wa kuchipua tena kutoka shinani baada ya kuungua, lakini unangoja miaka kabla ya kuzaa, na kuutunza muda wote huo kunahitaji mtu anayejua kwamba atalipwa. Asipolipwa, shamba linapandwa mikaratusi, ambayo inawaka vibaya.

Wareno ndio walioleta mkorosho kutoka Brazil hadi Goa, India, na pwani yetu. Huko Goa, pombe kali iitwayo feni, inayokenekwa kutokana na mabibo, ilipata ulinzi wa jina lake mwaka 2009, na inauzwa bila rangi, kwa jina lake, kwa fahari. Huku kwetu Mtwara na Lindi mabibo yanatoa uraka, pombe ya kuchachushwa tu, na gongo yake bado ni marufuku, inapikwa kwa kujificha. Kwa hiyo naona uchungu zaidi nikiwaona watu wa Algarve, ambao jina lao linalindwa na mitambo yao ina leseni, wakiazima sura ya konyaki, brandi ya Ufaransa.

Ukinunua medronho, chukua isiyo na rangi. Uliza imetoka kijiji gani na matunda yalichumwa mwaka gani. Usiitie barafu. Muuzaji akishindwa kujibu maswali hayo mawili, nenda duka jingine.