Una kazi, una miaka 40, unataka kurudi chuo: angalia muundo wa utumishi kabla ya kulipa ada

Kila mwaka ikifika Julai TCU, tume ya vyuo vikuu, wakifungua dirisha la udahili, maofisini mada inakuwa ileile, nani anaenda kusoma na nani anasema umri umeshaenda. Na ubishi wenyewe hauishagi kwa sababu mmoja anaongelea elimu, mwenzie anaongelea mshahara, hapo hamuelewani hata mkikesha. Mimi leo naongelea mshahara na cheo tu, na hasa kwa mtumishi wa umma, maana anayetaka kusoma kwa kupenda kusoma huyo hahitaji ushauri wa mtu, aende zake.

La umri tulimalize haraka. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 utaratibu ulikuwa ukimaliza kidato cha sita huendi chuo kikuu moja kwa moja, unafanya kazi kwanza, kwa hiyo Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ya enzi zile mtu mzima mwenye familia kukaa darasani ilikuwa kawaida kabisa, wala hakuna aliyemshangaa. Halafu kuna Chuo Kikuu Huria, sheria yake ni ya 1992 na kilianza kudahili 1994, kina vituo mikoani, unalipia uniti unazosoma, digrii ya miaka mitatu unaweza kuivuta hata sita huku uko Lindi au Sumbawanga na kazi yako inaendelea. Anayesema hakuna njia ya kusoma ukiwa kazini bado hajatafuta.

Shida iko kwenye kile unachokuta ukishamaliza, na hapa ndo watu wengi wanaumia kimyakimya. Chukua mwalimu wa shule ya msingi aliyeajiriwa na cheti, TGTS B (TGTS ni ngazi za mshahara wa walimu, zinapanda kwa herufi), amepanda madaraja taratibu miaka 15 na ushee, sasa hivi yuko TGTS E. Amechoka chaki, anaenda kusoma digrii ya maendeleo ya jamii, anamaliza vizuri, anaandika barua ya kuomba kubadilishwa kada, yaani aina ya kazi. Kwanza lazima nafasi iwepo kwenye ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa) na bajeti ya halmashauri, kama haipo atasubiri na digrii yake itakaa kwenye faili. Ikipatikana, anaingia kada mpya kwa cheo cha kuanzia, TGS D kwenye ngazi za watumishi wa kawaida wasio walimu, sawa na kijana aliyeripoti juzi kutoka chuo. Kwa vile mshahara wake wa zamani ni mkubwa kuliko huo wa kuanzia, anaombewa kibali abaki nao kama mshahara binafsi, yaani hela haishuki ila wenzake aliowaacha ualimu wanaendelea kupanda madaraja na yeye amesimama palepale anasubiri cheo kipya kiufikie mshahara wa zamani. Hiyo ni miaka bhana, na kibali kikichelewa ndo utajua hujui.

Sasa mlinganishe na mwalimu wa diploma mwenye miaka minne mitano kazini, TGTS C, anayesoma digrii ya ualimu hukohuko kwenye kada yake. Huyu akibadilishiwa muundo anakwenda D na mbele kumefunguka. Kwa hiyo kwa mtumishi, kadiri ulivyokaa sana kwenye kada ndivyo kuhama kunavyokulipa kidogo, na ndo maana nikisikia mtu wa 40 anaambiwa tu "kasome, elimu haina mwisho" nasema huyo mshauri hajawahi kufungua waraka wa muundo, ule unaoonyesha vyeo vya kila kada na sifa za kupanda. Na ruhusa ya mwajiri iwe ya maandishi, uwe kwenye mpango wa mafunzo wa ofisi, ukijisomea kimyakimya siku ya kuwasilisha cheti utaulizwa nani alikutuma.

Hela nayo. Bodi ya Mikopo haimchukui mwenye ajira, na umri mwisho miaka 35, kwa hiyo ni mfukoni au benki. Benki nako makato yote yakijumlishwa lazima theluthi moja ya mshahara wako ibaki, na watu wa umri huu washajaza nafasi yote na mkopo wa kujenga. Na kama digrii ya kwanza ulisomeshwa na Bodi, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inaondoka kila mwezi mpaka deni liishe. Kukopa benki mkopo wa miaka mingi ili usome masta ya mwaka mmoja na nusu mimi siiafiki hata kidogo, heri uvute taratibu kwa kulipia uniti.

Lakini wale wanaokataa moja kwa moja nao wanasahau kitu kikubwa. Kikokotoo cha pensheni cha PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kinatumia wastani wa mishahara bora ya miaka mitatu ndani ya miaka kumi ya mwisho kabla ya kustaafu. Mtu anayeanza na 40, akamaliza na 44, akabadilishiwa muundo ndani ya kada yake na kupanda mara mbili tatu kabla ya 60, anakula faida mara mbili, kwenye mshahara na kwenye pensheni. Kuna pia kada ambazo bila karatasi umegota, mhasibu bila CPA ya NBAA, bodi ya wahasibu, mtu wa ununuzi bila cheti cha PSPTB, bodi ya ununuzi na ugavi, hawa kwangu hata mjadala haupo, wakasome. Tena darasani wanafaidi kuliko vijana, mtu anayeshinda ndani ya NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali wa mtandaoni, kila siku akifundishwa taratibu za zabuni anajua mwalimu anaongelea nini, wakati dogo wa pembeni anakariri desa.

Mzigo wa nyumbani siuchambui sana, kila mtu na nyumba yake, ila kipindi cha jioni Dar ukijumlisha na foleni ni kwamba watoto unawakuta wamelala, na hilo mwenzio wa ndani akubali kabla haujalipa ada. Ukishindwa kupata muda usiende kumlipa mtu akuandikie risechi, biashara hiyo ipo na inajulikana, na baada ya uhakiki wa vyeti wa 2017 ulioondoa watumishi zaidi ya 9,900 mimi ningeogopa kuwa na karatasi nisiyoweza kuitetea.

Sekta binafsi ni mambo mengine, huko muulize bosi wako waziwazi nikimaliza hii unanipa nini, akianza kuzunguka ujue hakuna kitu.

Na mwenye 52 je? Kwa hesabu za cheo namwambia apumzike. Wengi wa umri huo wanasema wanataka masta ili wakistaafu wakafundishe chuo, sawa, ila vyuo vikuu vya umma kuingia kama mhadhiri msaidizi wanataka GPA (wastani wa ufaulu) 3.8 ya digrii ya kwanza na 4.0 ya masta, kwa hiyo kabla ya kuomba udahili atoe kwanza transkripti yake ya zamani aiangalie vizuri.